FURUSIYYA: MAANA YA NENO, ASILI YAKE NA HUKUMU ZILIZOFUNGAMANA NALO

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Msomaji wa vitabu vya fiqhi anapofika katika mlango wa ngawira, au mlango wa mashindano na kulenga shabaha, hukutana na maneno mawili ambayo mara nyingi huyapita kwa haraka: faris na furusiyya. La kwanza tumezoea kulifasiri "mpanda farasi" na la pili "upandaji farasi", kisha tukaendelea na somo. Tafsiri hizo si makosa, lakini ni pungufu, na upungufu huo una madhara. Wako wanaodhani kwamba milango hiyo imekwisha kazi yake, kwa kuwa majeshi ya leo hayaendi vitani juu ya farasi. Na wako, kwa upande wa pili, wanaosikia kwamba Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi na kwamba wanazuoni wameruhusu mali katika mashindano hayo, wakachukua hapo hoja ya kuhalalisha kamari za mbio na za mpira. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kutolijua neno.

Katika makala hii tutaangalia, kwa idhini ya Allah, asili ya neno furusiyya, namna lilivyokua katika historia ya Uislamu, na hukumu ambazo mafakihi wamezijenga juu yake.

1. Maana yake kilugha

Mzizi wa neno hili katika Kiarabu ni herufi tatu: fa, ra na sin. Mwanalugha Ibn Faris (aliyefariki mwaka 395 H), ambaye jina lake lenyewe limetokana na mzizi huu, ameeleza katika kamusi yake Maqayis al-Lugha kwamba asili ya herufi hizi ni kukanyaga kitu na kukiponda. Ndiyo maana Mwarabu akisema simba "amefaris" windo, hukusudia kuwa amelivunja shingo, na windo lenyewe huitwa farisa. Kisha akaeleza kuwa huenda farasi naye akaitwa faras kwa vile anavyoiponda ardhi kwa kwato zake. Neno faras kwa Waarabu humkusanya dume na jike, na ndilo tulilolipokea sisi katika Kiswahili kwa kuliongezea irabu mwishoni likawa "farasi".

Ama neno faris, wanalugha wamelihesabu katika maneno yanayoonyesha kuwa na kitu. Kama Mwarabu anavyomwita mwenye tende tamir na mwenye maziwa labin, vivyo hivyo humwita mwenye farasi faris. Wingi wake ni fursan na fawaris. Kwa hiyo maana ya mwanzo si "anayepanda" bali ni "aliye na farasi". Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini tutaona hapa chini kwamba mafakihi wamehukumu kwayo.

Kutoka hapo yakazaliwa majina mawili yanayokaribiana kwa sauti. Furusiyya, au furusa, ni umahiri katika mambo ya farasi: kumpanda, kumkimbiza, kumwendesha na kumjua. Na firasa ni wepesi wa kutambua jambo la ndani kwa kutazama dalili zake za nje. Ukaribu huu una funzo. Mpanda farasi asiye na jicho la kumsoma mnyama wake, ardhi aikanyagayo na adui aliye mbele yake, hakuhesabiwa na Waarabu kuwa amekamilika, hata akiwa na nguvu za mwili.

2. Neno hili na Qur'ani

Jambo ambalo huenda likamshangaza mwanafunzi ni kwamba maneno faras, faris na furusiyya hayamo ndani ya Qur'ani Tukufu. Neno lililotumika ni khayl, nalo limekuja mara tano: katika Suratu Aal Imran aya ya 14, al-Anfal aya ya 60, an-Nahl aya ya 8, al-Israa aya ya 64 na al-Hashr aya ya 6. Ukizikusanya aya hizi utaona kwamba farasi hakutajwa kwa sura moja. Katika Aal Imran ametajwa miongoni mwa vitu ambavyo watu wamepambiwa kuvipenda. Katika an-Nahl ametajwa kuwa ni neema ya kupandwa na ni pambo. Katika al-Anfal Waumini wameamrishwa kuandaa nguvu waziwezazo pamoja na farasi waliofungwa tayari. Na katika al-Israa ametajwa Iblis naye kuwa na jeshi lake la wapanda farasi na la waendao kwa miguu.

Hii aya ya mwisho inatosha kumzindua mwenye kudhani kwamba kuwa juu ya farasi ni utukufu kwa dhati yake. Farasi anaweza kuwa upande wa haki na anaweza kuwa upande wa Iblis. Kinachotenganisha ni yule aliye juu ya tandiko, na nia aliyopanda nayo.

Maana hiyo hiyo imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) iliyomo katika Sahihi mbili, ambamo farasi wamegawanywa mafungu matatu: kwa mtu mmoja ni malipo mema, kwa mwingine ni sitara, na kwa mwingine ni mzigo wa dhambi. Wa kwanza ni yule aliyemfunga katika njia ya Allah, na wa tatu ni yule aliyemfuga kwa kujifakharisha na kwa uadui. Mnyama ni yule yule, majani anayokula ni yale yale.

3. Furusiyya katika zama za Mtume (s.a.w.)

Waislamu wa Madina hawakuanza wakiwa umma wa wapanda farasi. Siku ya Badr, mwaka wa 2 H (624 M), imepokewa kutoka kwa Ali (r.a.) kwamba hapakuwa na mwenye kupanda farasi miongoni mwao ila al-Miqdad ibn al-Aswad, wapokezi wengine humwongeza az-Zubayr ibn al-Awwam. Farasi mmoja au wawili katika jeshi la watu mia tatu na zaidi. Basi furusiyya ilikuwa jambo la kujengwa, nalo lilijengwa kwa mafunzo.

Amepokea Ibn Umar (r.a.), katika hadithi iliyokubaliwa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi waliofanyiwa idhmar kutoka al-Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na wale ambao hawakufanyiwa akawashindanisha kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Idhmar ni kumlisha farasi mpaka anenepe, kisha akapunguziwa chakula kidogo kidogo na kufunikwa nguo ili atoke jasho, mpaka nyama yake ikaze na pumzi yake iwe ndefu. Sufyan, mmoja wa wapokezi, amekadiria masafa ya kwanza kuwa maili tano au sita, na ya pili maili moja. Tazama uadilifu uliomo: hakuwekwa farasi aliyeandaliwa pamoja na asiyeandaliwa, na kila kundi lilipewa masafa yanayolifaa.

Wala furusiyya haikuwa ya kurithiwa kwa nasaba. Jarir ibn Abdillah al-Bajali (r.a.) alikuwa bwana katika watu wake, lakini alikuwa hawezi kutulia juu ya farasi. Akamshitakia Mtume (s.a.w.) udhaifu wake huo, naye akampiga kifuani kwa mkono wake na kumwombea uthabiti na uongofu. Jarir amesimulia kwamba baada ya hapo hakuanguka tena kutoka juu ya farasi. Na ni Jarir huyo huyo aliyepokea, katika Sahihi Muslim, kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akizungusha nywele za paji la farasi kwa kidole chake, huku akieleza kwamba kheri imefungwa humo mpaka Siku ya Kiyama. Huo ni upole kwa mnyama, na ni sehemu ya furusiyya.

Tena Mtume (s.a.w.) hakuyafanya mashindano kuwa mahali pa kiburi. Ngamia wake al-Adhbaa alikuwa hashindwi, mpaka akaja bedui na ngamia wake mdogo akampita. Jambo hilo likawaelemea Waislamu. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kwamba ni haki juu ya Allah kutoinuka kitu chochote cha dunia ila atakishusha. Mtume mwenyewe ameshindwa katika mbio, na hakukasirika.

4. Fungu la faris katika ngawira

Mafakihi walilichukua neno faris na kuliwekea hukumu. Katika mgawanyo wa ngawira, jamhuri ya wanazuoni, miongoni mwao Malik, Shafi na Ahmad, wamesema faris hupewa mafungu matatu: moja lake na mawili ya farasi wake. Hoja yao ni hadithi ya Ibn Umar iliyomo katika Sahihi mbili. Imam Abu Hanifa akasema hupewa mafungu mawili tu, lake moja na la farasi moja. Amenukuliwa akieleza kwamba yeye hamfadhilishi mnyama juu ya mtu Mwislamu. Akategemea pia mapokezi ya Mujammi ibn Jariya kuhusu mgawanyo wa Khaybar, ambayo Abu Dawud ameyapokea kisha akaipa nguvu zaidi hadithi ya Ibn Umar. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad ibn al-Hasan, walimkhalifu mwalimu wao katika suala hili na kukubaliana na jamhuri.

Waliotoa mafungu matatu hawakumtukuza mnyama. Farasi hula, huhitaji mtunzaji, na hufa vitani. Fungu la farasi kwa hakika humrudia mwenyewe kwa gharama alizobeba.

Kisha wakahitilafiana: ni wakati gani mtu huhesabiwa kuwa faris? Mahanafi wakaangalia wakati wa kuvuka mpaka na kuingia nchi ya vita. Aliyeingia akiwa na farasi, kisha farasi wake akafa kabla ya mapigano, hupata fungu la faris. Jamhuri wakaangalia kuhudhuria mapigano yenyewe. Hapa ndipo inapoonekana ile maana ya kilugha tuliyoitaja: suala si nani amepanda bali ni nani anaye farasi, na tangu lini.

Katika tukio la Dhu Qarad, Salama ibn al-Akwaa (r.a.) aliwafukuza wezi wa ngamia wa Mtume (s.a.w.) kwa miguu yake, akiwarushia mishale, kabla wapanda farasi hawajafika. Mtume (s.a.w.) akamsifu siku hiyo Abu Qatada kuwa mbora wa wapanda farasi, na Salama kuwa mbora wa waendao kwa miguu, kisha akampa Salama fungu la mpanda farasi pamoja na fungu la mwenda kwa miguu. Basi asidhani mtu kwamba sharia ilimdharau asiye na farasi.

5. Kutoka sifa kuwa elimu

Katika karne ya kwanza furusiyya ilikuwa sifa ya mtu na desturi ya kabila. Ilipofika zama za Bani Abbas ikageuka elimu yenye vitabu. Waarabu walikutana na Waajemi, waliokuwa na mila ndefu ya askari wa farasi na ya mchezo wa kupiga mpira kwa gongo juu ya farasi, kisha wakakutana na Waturuki, mabingwa wa kurusha mshale farasi akiwa mbioni. Khalifa al-Mu'tasim (833–842 M) aliwaingiza askari wa Kituruki kwa wingi na kuwajengea mji wa Samarra mwaka 836 M. Katika karne hiyo ya 3 H, Muhammad ibn Ya'qub, maarufu kwa jina la Ibn Akhi Hizam, aliandika juu ya farasi, mafunzo yake, maradhi yake na dawa zake, na waliokuja baada yake wakanukuu kwake kwa karne nyingi.

Kufikia zama za Mamluki wa Misri na Sham (1250–1517 M) neno lilikuwa limekwisha panuka. Furusiyya ilikusanya fani kadhaa, na zilizo kuu ni nne: kupanda na kuendesha farasi, kutumia mkuki, kutumia upanga, na kulenga shabaha kwa upinde. Hasan ar-Rammah, aliyefariki karibu na mwaka 694 H, aliandika kitabu katika fani hizi na ndani yake akaeleza hata namna ya kuchanganya baruti. Masultani walijenga viwanja maalumu vya mafunzo. Kiwanja kiliitwa maydan, neno ambalo nasi tunalo, kwani ndilo "medani" tunalolitumia tunaposema medani ya vita.

Neno mamluk maana yake ni "aliyemilikiwa". Hawa walinunuliwa wakiwa wavulana katika nchi za kaskazini na kuletwa Cairo. Mwanahistoria al-Maqrizi ameeleza utaratibu wa malezi yao wa mwanzo: mtoto akiingia katika nyumba za askari ndani ya ngome, mtu wa kwanza kumpokea alikuwa fakihi, amfundishe Qur'ani, hati, na adabu za sharia na sala. Alipobaleghe ndipo alipokabidhiwa kwa mwalimu wa silaha. Wanafunzi wa malezi hayo ndio waliosimama Ayn Jalut, tarehe 25 Ramadhani mwaka 658 H (3 Septemba 1260 M), chini ya Sultani Qutuz na kamanda wake Baybars, wakalivunja jeshi la Wamongoli lililokuwa limekwisha iangusha Baghdad na kuichukua Sham. Al-Maqrizi, aliyeandika zaidi ya karne moja baadaye, alilalamika kwamba utaratibu huo uliharibika, wakawa wanaletwa watu wazima wasiolelewa.

6. Ibn al-Qayyim na kadhia ya mwaka 746 H

Katika Damascus ya zama hizo aliishi Imam Shamsuddin Ibn Qayyim al-Jawziyya (691–751 H), naye ameandika kitabu mashuhuri kwa jina la al-Furusiyya. Kwa mujibu wa Ibn al-Qayyim, furusiyya ni mbili: furusiyya ya elimu na ubainifu, na furusiyya ya kulenga na kupigana. Maswahaba walizikusanya zote mbili. Waliifungua miji kwa ya pili, na nyoyo kwa ya kwanza. Kwa ufahamu huu mtu anayesimama kuitetea haki kwa hoja sahihi ni faris, ingawa hajapata kushika hatamu.

Ufahamu huu ulimfikisha katika suala zito la kifiqhi. Imepokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) aliwekea mpaka zawadi ya mashindano katika mambo matatu: ngamia, farasi na mshale. Mafakihi wakachambua mali hiyo hutoka kwa nani. Ikitoka kwa mtawala au mtu asiyeshindana, hapana tatizo. Ikitoka kwa mmoja wa washindani wawili, wengi wao wameruhusu. Lakini ikitoka kwa wote wawili, kwamba atakayeshinda achukue yake na ya mwenzake, hapo sura inakuwa karibu mno na qimar, yaani kamari, neno ambalo nasi tumelichukua kutoka huko huko. Kwa hiyo Mahanafi, Mashafi na Mahanbali wakashurutisha awepo mshindani wa tatu anayeitwa muhallil: hatoi kitu, lakini farasi wake awe na uwezo wa kushinda kweli. Imam Malik, katika kauli mashuhuri ya madhehebu yake, hakuikubali hata njia hiyo.

Ibn al-Qayyim, akimfuata sheikh wake Ibn Taymiyya, alisema muhallil si sharti. Waliona hadithi inayotumiwa kuthibitisha sharti hilo kwa hakika ni kauli ya tabii Said ibn al-Musayyib na si ya Mtume (s.a.w.). Wakasema pia kwamba kilichoharamishwa katika kamari ni kula mali kwa batili, ilhali mashindano haya yameruhusiwa kwa maslahi yake, na kumwingiza mtu wa tatu hakuondoi hatari bali huiongeza.

Mwaka 746 H (1345 M) Kadhi Mkuu wa Mashafi wa Damascus, Imam Taqiyyuddin as-Subki, alimwita Ibn al-Qayyim kwa sababu ya fatwa yake hiyo. Ibn Kathir, aliyekuwa karibu na Ibn al-Qayyim, ameandika kwamba jambo liliisha kwa sheikh kudhihirisha muafaka na jamhuri. Ibn Hajar, aliyekuja baadaye, ameandika kwamba alirejea kutoka katika fatwa yake. Kati ya "kudhihirisha muafaka" na "kurejea" kuna tofauti, na msomaji makini ataiona.

Sisi hatukuleta kisa hiki ili kumtukuza mmoja na kumshusha mwingine. Wote ni maimamu wetu. Tumekileta ili ijulikane kwamba suala la mali katika mashindano ya farasi, lililo halali kwa asili yake, liliwafanya wakubwa wa umma wasimamishane mbele ya hukumu. Waliogopa kuufungulia umma mlango wa kamari. Na hata Ibn al-Qayyim, aliyelegeza sharti la muhallil, hakulegeza lile la msingi: mshindani awe ndiye mwenye kutenda, na tendo lenyewe liwe lile ambalo dini hunufaika nalo.

7. Neno lilipobanwa

Kosa la kulibana neno halikuanza leo. Bunduki na mizinga ilipoenea, wengi katika Mamluki walikataa kuzishika. Waliona furusiyya ni farasi, mkuki, upanga na upinde, na kwamba silaha ya moto ni ya asiyekuwa mwanamume wa vita. Sultani Qansuh al-Ghawri aliagiza mizinga mingi na kuunda kikosi cha bunduki, lakini watu wa hadhi ya farasi hawakujiunga nacho. Tarehe 25 Rajab 922 H (24 Agosti 1516 M) walikutana na jeshi la Sultani Selim wa Wathmani huko Marj Dabiq, kaskazini mwa Halab. Walipigana kishujaa, lakini mizinga na bunduki za Wathmani, pamoja na khiana iliyotokea ndani ya safu zao, viliwamaliza. Al-Ghawri akafa siku hiyo. Mwezi Januari 1517 M, huko ar-Raydaniyya nje ya Cairo, dola yao ikaanguka. Mwandishi Ibn Zunbul amesimulia maneno makali ya mmoja wa maamiri wao mbele ya Selim, akiilaumu bunduki kuwa ni silaha ambayo hata mwanamke akiirusha huzuia wapiganaji wengi.

Hapa pana mazingatio makubwa. Katika Sahihi Muslim, Uqba ibn Amir (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa juu ya mimbari, aliifasiri ile "nguvu" iliyotajwa katika Suratul Anfal kuwa ni kurusha, na akakariri mara tatu. Hakusema farasi, ingawa farasi wametajwa katika aya hiyo hiyo. Wala hakuufunga mrusho katika upinde peke yake. Waliojiita mafursani wakakishika chombo na kuiacha maana, na watu wengine walioishika maana wakawashinda.

8. Hitimisho

Kutokana na tuliyoyataja tunapata mambo manne.

Kwanza, faris kwa asili ni mwenye farasi, na furusiyya ni umahiri wa kumtumia. Kisha neno likapanuka likakusanya kila ustadi wa kujikinga na kuulinda umma, na Ibn al-Qayyim akaingiza ndani yake utetezi wa haki kwa elimu.

Pili, farasi au chombo chochote hakina utukufu kwa dhati yake. Kinaweza kuwa malipo, sitara au mzigo, kwa kadiri ya nia.

Tatu, mali iliruhusiwa katika mashindano kwa sababu ya mafunzo yaliyomo, na kwa masharti. Anayeweka pesa kwa simu yake akisubiri farasi wa nchi ya mbali ashinde, au timu fulani ifunge mabao kadhaa, hakupanda, hakulenga, hakujifunza, wala hakuunufaisha umma kwa chochote. Huyo si mshindani katika mlango wa furusiyya. Yumo katika mlango wa kamari kwa kauli ya pande zote mbili za ile kadhia ya Damascus. Walihitilafiana juu ya muhallil. Hawakuhitilafiana juu ya mtazamaji anayeweka dau juu ya jasho la mwingine.

Nne, Mahanafi wameruhusu zawadi katika kushindania elimu, na Ibn al-Qayyim ameiunga mkono rai hii, akitoa hoja ya dau la Abu Bakr (r.a.) na makureshi kuhusu ushindi wa Warumi. Basi vijana wanaoshindana kuhifadhi Qur'ani katika misikiti na vyuo vyetu, na kupewa zawadi na wafadhili, wamo katika furusiyya iliyo bora zaidi, ingawa katika mwambao wetu wengi wao hawajapata kumgusa farasi. Tunawausia maimamu na walimu wawaeleze hivyo vijana hao. Ni haki yao kujua kwamba jina la faris linawahusu, na kwamba halimhusu yule aliyekaa pembeni na karatasi ya dau mkononi.

Tunamwomba Allah atujaalie elimu yenye manufaa na amali yenye kukubaliwa. Tuliyopatia ni kwa tawfiki yake, na tuliyokosea ni yetu wenyewe.

Wallahu a'lam.